Somo la 14: Kuiokoa Miti ya Kiwanjani Wakati wa Ukame

Ukipita katika kijiji chochote cha Mkoa wa Dodoma mwezi wa Oktoba, utaona ardhi imekauka na kupasuka, nyasi zimekuwa za rangi ya mchanga, na upepo unainua vumbi njiani. Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa Aprili au mapema mwezi wa Mei. Hata hivyo, kiwanjani mwa shule mwembe mkubwa bado una majani ya kijani, na watoto hukaa chini yake wakati wa mapumziko. Maji ambayo mwembe huo unatumia yanatoka wapi? Na kwa nini mpapai uliopandwa karibu nao umekwisha kunyauka, ingawa miti yote miwili inapata jua lile lile na imeota katika udongo ule ule?

Katika somo hili tutajifunza jinsi mti unavyotumia maji, jinsi ya kutambua kwamba mti una kiu, na jinsi ya kuusaidia ukiwa na maji machache tu. Sharti hili la maji machache ni la muhimu. Katika majira ya ukame maji ya kunywa na kupikia hutangulia, na hakuna mtu mwenye busara atakayewanyima watoto maji ili aumwagilie mti. Kwa hiyo kila ndoo inayopelekwa mtini lazima ifanye kazi kamili.

Mvua ya Dodoma

Dodoma hupata mvua ya kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka wa kawaida. Bukoba, iliyo kando ya Ziwa Viktoria, hupata karibu milimita 2,000. Tena mvua ya Dodoma hunyesha katika msimu mmoja tu, tangu Desemba mpaka Aprili, na miezi saba inayobaki huwa mikavu. Miti ya huko imezoea hali hiyo. Mbuyu hupukutisha majani yake yote na kukaa uchi kwa miezi mingi, huku shina lake nene likiwa limehifadhi maji. Mtu mgeni anaweza kudhani kwamba umekufa.

Kiangazi cha kawaida siyo ukame. Tunasema kuna ukame mvua inapochelewa sana, au inaponyesha kidogo kisha ikakatika, au inapokosekana msimu baada ya msimu. Katika Pembe ya Afrika, pamoja na sehemu za kaskazini na mashariki ya Kenya, misimu mitano mfululizo ilikuwa na mvua haba kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020. Mti unaoweza kuvumilia kiangazi kimoja bila shida unaweza kushindwa katika cha pili, kwa sababu akiba yake imekwisha.

Maji hupandaje mtini?

Mizizi minene unayoiona karibu na shina kazi yake kubwa ni kuushikilia mti na kupitisha maji. Mizizi inayofyonza maji ni ile myembamba kama uzi, iliyo mbali na shina. Sehemu kubwa ya mizizi hiyo huwa katika udongo wa juu, usiozidi nusu mita kwenda chini, nayo huenea mpaka nje ya ukingo wa kivuli ambacho mti hutoa saa sita mchana. Miti mingine, kama mwembe, huteremsha pia mzizi mkuu mpaka kwenye udongo wa chini ambao hukawia kukauka. Mpapai una mizizi ya karibu na shina laini. Sasa unaweza kujibu swali la kwanza la somo hili.

Kutoka mizizini maji hupanda ndani ya mishipa myembamba sana iliyo katika mbao za shina, mpaka kwenye majani. Huko hugeuka mvuke na kutoka kupitia vitundu vidogo ambavyo hatuwezi kuviona bila hadubini. Vitundu hivyo huitwa stomata. Kila tone linalotoka jani huvuta tone jingine nyuma yake, kama vile uzi unavyovutwa kutoka kwenye kibiringo, na mvuto huo hufika mpaka mizizini. Ndiyo sababu mti hauhitaji moyo wala pampu.

Jaribio la 1: Je, mti hutoa maji?

Vifaa: mifuko miwili ya plastiki inayopenyeza mwanga, na kamba. Asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, chagua tawi dogo lenye majani mengi. Livishe mfuko mmoja na ufunge mdomo wake kwa kamba, lakini usilivunje tawi. Mfuko wa pili ufunge juu ya kijiti kikavu kilichochomekwa ardhini karibu na hapo. Rudi saa nane mchana. Chunguza ndani ya kila mfuko. Unaona nini? Kijiti kikavu kina kazi gani katika jaribio hili? Kumbuka kuuondoa mfuko baada ya kuuchunguza, kwa maana majani yaliyofungiwa juani huungua.

Mti wenye kiu hufanya nini?

Udongo unapoanza kukauka, mti hufunga stomata zake. Kwa njia hiyo hupunguza maji yanayopotea. Lakini vitundu hivyo hivyo ndivyo vinavyoingiza hewa ya kabonidayoksaidi, ambayo majani huitumia kutengeneza chakula kwa msaada wa mwanga wa jua. Mti ulioyafunga madirisha yake hauwezi kupika. Hula akiba ya wanga iliyowekwa katika shina na mizizi, kama familia inayokula kutoka ghalani wakati shamba halina kitu.

Ukame ukiendelea, hutokea jambo la hatari zaidi. Uzi wa maji ulio ndani ya mishipa huvutwa kwa nguvu mno mpaka unakatika, na hewa huingia mahali pake. Mshipa uliojaa hewa haupitishi maji tena. Matawi ya juu kabisa, ambayo maji huyafikia kwa taabu, mara nyingi ndiyo yanayokauka kwanza. Ukiona mti umekauka kileleni huku matawi ya chini yakiwa hai, mara nyingi hiyo ndiyo sababu.

Dalili nyingine huja kabla ya hapo. Majani hulegea mchana na kusimama tena usiku. Baadaye hubaki yamelegea hata alfajiri. Majani ya mchungwa na mlimau hujikunja kama mfereji. Kingo za majani hukauka na kuwa kahawia, matunda machanga huanguka, na majani mapya huwa madogo kuliko ya kawaida. Kati ya dalili hizi zote, ile ya alfajiri ndiyo ya kutazamwa sana. Jani lililolegea saa nane mchana linaweza kuwa linapumzika tu, lakini jani lililolegea kabla ya jua kuchomoza linaomba maji.

Jaribio la 2: Je, tawi hili ni hai?

Chagua kijitawi kisicho na majani, chenye unene wa penseli. Kwa ukucha, kwangua gome lake kidogo sana, sehemu isiyozidi upana wa punje ya mchele. Kama chini ya gome kuna rangi ya kijani na unyevu, tawi hilo ni hai. Kama ni kahawia na kavu, limekufa. Rudia karibu zaidi na shina. Mara nyingi utakuta ncha imekufa lakini sehemu ya nyuma ni hai.

Miti mingi hukatwa na kufanywa kuni kwa sababu tu imekosa majani mwezi wa Novemba. Mwarobaini, kwa mfano, unaweza kupukutisha majani mengi katika kiangazi kikali, kisha ukachipua tena. Usikubali mti ukatwe kabla ya kufanya jaribio hili, na ikiwezekana ngoja mpaka mvua zije.

Kumwagilia kwa hesabu

Ukimwaga lita 1 ya maji sawasawa juu ya eneo la mita 1 ya mraba, maji hayo huwa na kina cha milimita 1. Kwa hiyo lita 1 katika kila mita ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 1. Likumbuke jambo hili, kwa maana litakusaidia kuhesabu mvua unayoipa miti yako.

Tuseme shule ina mchungwa mchanga, na tumechora mduara kuuzunguka, kutoka shinani mpaka ukingoni mita 1. Eneo la mduara huo ni mita za mraba 3.14. Mwanafunzi mmoja anamwagilia lita 5 kila siku jioni. Gawanya 5 kwa 3.14: kila siku mti unapata chini kidogo ya milimita 1.6. Maji hayo hulowesha ngozi tu ya ardhi. Jua na upepo wa Oktoba huweza kuyaondoa yote kesho yake, kabla mizizi haijayaona.

Mwanafunzi mwingine anayakusanya maji yake kwa siku 14, kisha anammwagilia mchungwa wake lita 70 kwa mara moja, polepole. Hiyo ni zaidi ya milimita 22. Maji hayo huteremka chini mpaka kwenye mizizi, na jua haliwezi kuyafikia upesi. Wanafunzi wote wawili wametumia lita 70. Mmoja ameumwagilia mti, na mwingine ameimwagilia hewa. (Mche uliopandwa mwaka huu, ambao mizizi yake bado ni mifupi, hauwezi kungoja siku 14. Upe maji kidogo kila baada ya siku tatu au nne.)

Lita 70 zikimwagwa kwa haraka zitatiririka na kupotea. Kwa hiyo kwanza tengeneza tuta la mviringo la udongo, lenye urefu wa kiganja kwenda juu, kuzunguka mti. Kwa mti mkubwa, tuta liwe karibu na ukingo wa kivuli cha saa sita, wala siyo karibu na shina. Watu wengi humwaga maji shinani kwa kuwa shina ndilo wanaloliona. Huko hakuna mizizi mingi ya kufyonza, na gome linalolowana kila mara huoza. Mwagilia jioni au alfajiri. Mwaga ndoo moja, ngoja maji yazame, kisha mwaga nyingine.

Ili kujua kama maji yamefika chini, subiri mpaka kesho yake, kisha chukua ufito wa chuma mwembamba na uusukume ardhini kwa mkono. Ufito hupita kwa urahisi katika udongo wenye unyevu na hugoma unapofika kwenye udongo mkavu. Pima kina hicho kwa rula. Kama ni chini ya sentimita 20, maji hayakutosha. Katika udongo wa kichanga maji huteremka mbali zaidi kuliko katika udongo wa mfinyanzi, ingawa mfinyanzi huyashika kwa muda mrefu zaidi.

Mtungi uliozikwa

Kuna njia moja ya zamani inayofaa sana kwa miche na miti midogo. Chukua mtungi au chungu cha udongo uliochomwa, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa. Kizike ardhini karibu na mche mpaka shingoni, kijaze maji, kisha kifunike ili mbu wasizaliane ndani na maji yasigeuke mvuke. Maji hupenya polepole kupitia tundu ndogo zisizoonekana za kuta za chungu. Udongo wa nje ukiwa mkavu, huyavuta maji kwa nguvu. Ukiwa na unyevu, mvuto hupungua. Hivyo chungu hutoa maji zaidi pale yanapohitajika zaidi, bila mtu kukiamuru. Wakulima wa Uchina waliijua njia hii yapata miaka 2,000 iliyopita, na ilielezwa katika kitabu chao cha kilimo cha nyakati hizo.

Mahali pasipo na vyungu, chupa ya plastiki iliyotobolewa kwa sindano na kuchomekwa ardhini hufanya kazi inayofanana, lakini tundu huziba kwa matope mara kwa mara na huna budi kulizibua.

Kuifunika ardhi

Jaribio la 3. Chukua makopo mawili yanayolingana. Yajaze udongo wa aina moja na uyamwagilie maji kwa kipimo kimoja. Funika udongo wa kopo moja kwa nyasi kavu, unene wa vidole vinne. Yaweke yote mawili juani. Kila asubuhi, kwa siku tano, yapime kwa mizani ya shule na uandike uzito. Kopo lipi linapoteza uzito upesi? Uzito unaopotea ni wa kitu gani?

Nyasi au majani makavu yanayofunika ardhi huitwa matandazo. Huizuia jua kuipiga ardhi, hupunguza nguvu ya upepo, na huipoza mizizi. Yatandaze kwa unene wa sentimita 7 hadi 10 ndani ya tuta lako, lakini acha nafasi tupu ya kiganja kizima kati ya matandazo na shina. Nafasi hiyo isipokuwapo, mchwa hupata njia ya kujificha na kupanda. Katika nchi kavu mchwa ni adui wa kweli wa mti uliodhoofika, na kuna wazee wanaokataa kabisa matandazo kwa sababu hiyo. Hofu yao ina msingi. Tunashauri matandazo yatumike, lakini yakaguliwe kila wiki, na njia za udongo ambazo mchwa hujenga juu ya gome zivunjwe.

Ng'oa pia nyasi na magugu yaliyo ndani ya mduara, maana hunywa maji yale yale. Yang'oe kwa mkono au kwa kukwangua juu juu. Jembe likizama, hukata ile mizizi myembamba ambayo tunajaribu kuiokoa.

Mambo ya kutofanya

Mtu akiona mti wake unanyauka, mara nyingi hukimbilia kuupa mbolea. Hili ni kosa kubwa. Mbolea ya chumvichumvi ikiwekwa katika udongo mkavu huvuta maji kutoka mizizini badala ya kuyaingiza, na samadi mbichi pia huweza kuunguza. Mti wenye kiu hauhitaji kuhimizwa kukua. Ngoja mpaka mvua ziwe zimeshika.

Wengine huukata mti matawi mengi ya kijani ili upunguze kutumia maji. Wazo hilo lina mantiki kidogo, lakini majani ndiyo jiko la mti, na ghala lake linakaribia kwisha. Tena kila jeraha ni mlango wa wadudu, na gome lililokuwa kivulini sasa huchomwa na jua. Kata matawi yaliyokufa peke yake, yale uliyoyapima kwa ukucha. Matunda machanga, kinyume chake, yanaweza kupunguzwa. Ni vigumu kuyatupa maembe, lakini mti hutumia maji na akiba nyingi kuyalea.

Usipande miche mipya katikati ya ukame, na usiwafunge mbuzi wala punda kwenye shina. Mnyama aliyefungwa hutafuna gome na kwato zake huigandamiza ardhi mpaka maji yanashindwa kuzama.

Maji ya kutumia mara ya pili

Shule yenye wanafunzi 300, kila mmoja akinawa mikono kwa nusu lita, hutoa lita 150 kwa siku. Hayo yanatosha kumwagilia miti miwili midogo kwa wiki mbili, na mara nyingi humwagwa tu uwanjani. Chimba mfereji mdogo kutoka mahali pa kunawia mpaka kwenye tuta la mti, au weka beseni. Maji ya kufulia yenye sabuni kidogo yanafaa kwa miti, mradi yamwagwe juu ya udongo, siyo juu ya majani, na mahali pabadilishwe mara kwa mara. Usitumie maji yenye dawa ya kung'arisha nguo, mafuta mengi, au chumvi ya kupikia. Maji ya visima vingine vya Dodoma yana chumvi. Yaonje kwanza, na uangalie kama kingo za majani zinaungua baada ya kuyatumia.

Miti ipi kwanza?

Maji yakiwa hayatoshi miti yote, itabidi kuchagua, na uchaguzi huu hauwezi kufanywa na kitabu. Baadhi ya mambo yanaweza kusaidia. Miti iliyopandwa katika miaka miwili au mitatu iliyopita ndiyo inayokufa upesi, lakini ndiyo pia inayookolewa kwa maji machache. Mwembe mkubwa unahitaji maji mengi, lakini huvumilia zaidi. Kwa mti huo, kumwagilia mara moja au mbili kwa mwezi katika kipindi kibaya kabisa kunaweza kutosha kuuvusha. Mpapai ukifa, mwingine utazaa baada ya mwaka mmoja hivi. Mwembe uliotokana na mbegu ukifa, wanafunzi wa leo watakuwa wamekwisha kuondoka shuleni kabla mwingine haujatoa kivuli cha kulikusanya darasa. Mwarobaini na mkwaju mara nyingi hujitegemea vikishakuwa vikubwa.

Mvua zinaporudi, usiiache miti mara moja. Mishipa iliyojaa hewa haitumiki tena vizuri, kwa hiyo mti hujenga mbao mpya na mizizi mipya, na kazi hiyo huchukua msimu mzima au zaidi. Miti mingine hufa mwaka wa pili au wa tatu baada ya ukame, wakati watu wamekwisha kuusahau.

Mazoezi

1. Kwa nini mti hauwezi kufunga stomata zake kwa miezi mingi bila kudhurika?

2. Mduara unaouzunguka mpera una eneo la mita za mraba 4. Umemwaga ndoo tatu za lita 20 kila moja. Mti umepata mvua ya milimita ngapi?

3. Jirani yako anataka kuukata mjohoro usio na majani. Utamwonyesha nini kabla hajachukua shoka?

4. Hesabuni miti yote iliyo kiwanjani mwa shule yenu. Andikeni katika jedwali aina ya kila mti, umri wake kama unajulikana, na hali ya majani yake alfajiri. Kisha pimeni kwa siku tatu maji ya kunawia yanayomwagwa shuleni. Kwa kutumia hesabu hizo, amueni ni miti mingapi mtakayoweza kuilisha maji mpaka Desemba, na ni ipi. Andikeni sababu zenu, na mlete karatasi hiyo kwa mwalimu.